Lengo la Bluu

Tosamaganga, Iringa
4 Januari 2024

Kwako mdogo wangu Nyamizi,

Kamwene. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kwa ubaridi, na mvua haijatuacha tangu Noeli. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mumeo Budeba na kwa watoto.

Huu ni mwaka wa nane tunaandikiana malengo ya kushona, na kwa kuwa mwaka jana ulivunja kanuni zote, nazirudia hapa kama mwalimu anayefungua muhula. Malengo ni matatu, hayazidi. Mawili unajiwekea mwenyewe, la tatu unawekewa na mwenzako, na hilo hulikatai. Halafu lengo lazima liwe la kufurahisha. Wewe mwaka jana uliandika "mablanketi tisa." Tisa! Nani anakukimbiza? Hatushindani na hatuuzi. Na malengo ni ya karatasi, yanakuja kwa basi pamoja na kitambaa. Simu ni ya kuulizana uzima tu.

Haya, yangu. La kwanza, nyota moja ya vipande kila mwezi, nyota kumi na mbili mpaka Desemba, na nikimaliza ya mwezi huo nafunga kopo la nyuzi hata kama mikono inawasha. La pili, kushonea nje, kwenye kibao cha mbele ya nyumba, ili nione watu wanavyokwenda misani na wao wanione sijafa.

Lako, ninalokuwekea mimi: ushone blanketi la vipande la kwako mwenyewe, na ulale nalo. Nimehesabu. Umeshona ya watoto wote, la mama mkwe, la mchungaji, hata la yule ndama aliyezaliwa wakati wa baridi. La Nyamizi hakuna.

Mwanao Nashoni amerudi kutoka Chunya? Kila sindano inaponishinda kutunga uzi namkumbuka, kijana wa miaka kumi na minne, mguu mzima umefungwa plasta ngumu ya POP, anatutungia uzi sisi wawili pale wodini kwangu tulikojuana, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Mwambie macho ya mama yake mkubwa yamezidi kuwa mabovu.

Nakuwekea humu kipande cha pazia la zambarau. Usicheke.

Dada yako,
Verediana


Ubaruku, Usangu
21 Januari 2024

Dada Vere,

Mwangaluka! Barua yako imekaa dukani kwa Jackline siku sita maana njia ya huku ni matope matupu, hata trekta limelala. Zambarau nimeipokea na nimecheka. Dada, mablanketi yako yote ni ya zambarau na kahawia, mtu akiingia kwako anadhani Kwaresima haijaisha. Padri mwenyewe atakuja kukuuliza kulikoni.

Basi lengo lako, ninalokuwekea mimi, ni bluu. Mwaka huu nyota zako zote ziwe na bluu. Si ya jinzi, si ya sare ya shule. Bluu yenye uhai, kama mbingu ya huku Usangu asubuhi ng'ombe wanapotoka. Itafute mpaka uipate, na ukiipata unitumie mraba mmoja niukague.

Yangu sasa. La kwanza ni kumaliza blanketi la Nashoni kabla hajarudi. La pili nataka kujaribu kushona duara. Najua utasema duara ni kujitafutia maneno, lakini ndilo linalonifurahisha. Hilo la kujishonea mwenyewe nimelisikia. Nitalifanya baada ya la Nashoni. Usinune.

Umeuliza habari zake. Hajarudi. Tangu aende kwenye dhahabu ni mwaka na nusu. Alipiga simu mara ya mwisho mwezi wa kumi, akasema mashimo ya Chunya yamemchosha, anataka kutafuta kazi kwenye mbao, Mafinga, halafu aje nyumbani. Tangu hapo namba yake haipatikani. Budeba anasema vijana wa machimboni wanauza simu kila siku, nisijitie wasiwasi. Mimi ninajitia tu. Kila jioni napanda kwenye kichuguu penye mtandao, napiga, yule dada wa kwenye simu ananijibu kwa adabu zote, nashuka.

Nashona ndiyo maana. Mkono ukishona, kichwa kinatulia kidogo.

Mdogo wako,
Nyamizi


Tosamaganga
30 Mei 2024

Kwako Nyamizi,

Bluu yako imenitesa, Mungu akusamehe. Sokoni Iringa kwenye mitumba bluu zote ni jinzi, zimenivunjia sindano mbili. Asukile, fundi suruali wa pale barabarani, aliniahidi vipande, akaniletea bluu inayong'aa kama sare ya bendi ya harusi. Januari mpaka Aprili nimeshona nyota nne za kijivu nikijidanganya kwamba kijivu ni bluu iliyochoka.

Sasa nimeipata! Ni shati zima la kiume. Pamba nzito, imefuliwa mara nyingi mpaka imelainika, na mabegani imepauka kidogo kwa jua. Usiniulize nimelitoa wapi, fundi hasemi siri zake. Nililikata Jumamosi nikiwa nje kwenye kibao changu, kama nilivyojiwekea. Nyuma na mbele zimetosha nyota saba, mikono na kola bado sijagusa. Nakwambia ukweli, tangu marehemu mume wangu aondoke sijafurahia kazi ya mkono kama wiki hii. Nimevunja kanuni yangu mwenyewe, nimeshona nyota mbili kwa mpigo.

Tena kuna kitu nataka ukione. Kwenye bega, upande wa ndani, shati lilichanika na mtu akalishona kwa uzi wa kijani. Nilishika wembe nifumue, nikashindwa. Mishono midogo, inarudi nyuma nusu kila hatua, imekaza lakini haijakunja kitambaa. Ni mshono wetu ule. Nimewafundisha wanawake wengi mshono huo na wengi wanaukimbia kwa uvivu. Huyu hakukimbia. Ningemjua ningemwandikia leo hii aingie kwenye malengo yetu, tuwe watatu. Kipande hicho nimekiweka katikati ya mraba ninaokutumia, nyuma sijaweka bitana, ili ukigeuza ujionee mwenyewe.

Ukague sasa. Nasubiri sifa zangu.

Dada yako,
Verediana


Ubaruku
9 Juni 2024

Dada Vere,

Leo sikusalimu, nisamehe.

Mraba umefika Ijumaa. Niliugeuza kwanza, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia kazi kuanzia nyuma. Nikakaa chini pale pale dukani kwa Jackline.

Huo mshono ni wangu, dada. Shati hilo nililishona mimi, la Krismasi, kabla Nashoni hajaondoka. Bega alilichana kwenye miba ya zizi siku ya pili tu, nikamgombeza mpaka majirani wakaja. Uzi wa bluu ulikuwa umeisha, nikatumia wa kijani, nikamwambia hakuna mtu atakayekugeuza nje ndani. Alikwenda nalo Chunya akiwa amelivaa.

Umelitoa wapi? Nani kakupa? Nimekupigia simu mara nne tangu Ijumaa, inaita, hupokei. Najua simu huwa unaiacha ndani ukiwa nje unashona. Nitaendelea kupiga.

Niandikie, au nipigie, vyovyote. Barua hii nampa kondakta mkononi.

Nyamizi


Tosamaganga
12 Juni 2024

Nyamizi mdogo wangu,

Simu ulizoendelea kupiga tangu barua yako ifike nimezisikia zote. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Shati nililetewa na Obeid, mtoto wa marehemu dada yangu. Anafanya kazi ya kufua katika hospitali moja huku. Nilipomwambia natafuta bluu akasema kuna furushi la nguo zisizo na wenyewe, wameambiwa zichomwe, na shati moja ni zuri mno kuchomwa. Sikumuuliza mwenyewe yuko wapi. Kwa umri wangu huu, na miaka yote niliyofanya kazi wodini, nilijua vizuri nguo zisizo na mwenyewe hospitalini maana yake nini. Niliamua kutojua kwa sababu niliitaka bluu.

Jana nilimfuata nikamuuliza. Aliletwa na watu wa lori la mbao mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Walimkuta ameanguka kando ya barabara, upande wa huku wa Mafinga, ana homa kali na hasemi. Hakuwa na simu wala karatasi yoyote. Aliishi siku mbili, hakuzinduka. Wakatangaza redioni, hakuna aliyekuja. Halmashauri ikamzika.

Nikamuuliza Obeid kama mguu wa kushoto ulikuwa na kovu refu chini ya goti. Akasema ndiyo, lilikuwepo, alisaidia kumbeba.

Kovu hilo nililiosha mimi mwenyewe wiki sita, likiwa bado kidonda.

Nyamizi, wakati ule Januari tunaandikiana malengo, ya duara na ya bluu, alikuwa tayari

(Barua hii iliishia hapa. Haikutumwa.)


Tosamaganga
16 Juni 2024

Kwako Nyamizi,

Kamwene. Nisamehe kwa simu, ilikuwa imeharibika chaji.

Nimeisoma barua yako. Shati nililipata mitumba, sokoni Iringa, kwa mama mmoja anayetandaza chini. Simjui jina na siku hizi simuoni. Nadhani vijana huwa wanauza nguo wakipungukiwa. Huenda ni hivyo. Usikate tamaa.

Nyota nimesimamisha kwanza, mikono inaniuma.

Salamu kwa Budeba.

Verediana


Ubaruku
14 Julai 2024

Dada Vere, dada yangu mwenyewe,

Mwangaluka, mwangaluka tena! Nakuandikia nikiwa nimekaa juani, jembe nimelitupa huko, maana leo ni Jumapili na nina furaha.

Tangu barua yako nimekuwa mtu mwingine. Yupo Iringa! Amepungukiwa, ameuza shati, basi. Shati la mama yake, mshenzi yule, nikimkamata nitamchapa kwa mkono huu huu ulioshona. Nikala ugali siku hiyo mpaka watoto wakanicheka. Usiku nalala. Unajua tangu lini sijalala?

Budeba alikuja Iringa kumtafuta, na amenieleza yote aliporudi. Siku tano sokoni na stendi akiwa na picha ile ya kipaimara. Alifikia kwa Ezekia, yule wa kanisani kwetu aliyehamia Iringa. Anasema na kwako alipita, ukampikia kuku, ukampa na maparachichi ya kuniletea. Anasema ulikuwa unaumwa, hukuongea sana, na kila alipotaja Nashoni uliinuka kwenda jikoni. Pole, dada. Nilimwambia wewe una huruma kupita kiasi, ulimlea mtoto yule wodini kama wako. Jitunze, magoti hayo yapake mafuta ya nyonyo.

Mwanaume mmoja sokoni aliitazama picha akasema kijana wa sura hiyo anabeba mbao Mafinga. Basi Budeba mwezi ujao anakwenda Mafinga, kiwanda kwa kiwanda.

Sasa sikiliza. Lengo langu la kwanza nimelitimiza! Blanketi la Nashoni limekwisha, na duara lipo katikati, limepinda upande mmoja kama chapati ya mwanafunzi, lakini ni duara. Nalituma kwako na basi hili hili. Iringa mwezi huu baridi inauma na shati ameuza, hana kitu cha kujifunika. Wewe uko karibu naye kuliko mimi. Ukimwona, au mtu akimwona, mfunike. Mwambie mama hajakasirika.

Ukilifungua ligeuze, uone nyuma. Mishono yote ni ile ya kurudi nusu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Nyamizi


Tosamaganga
6 Agosti 2024

Nyamizi,

Blanketi lilifika tarehe kumi na sita. Wiki tatu limekuwa juu ya kiti, bado na kamba yake. Jana nimelifungua, nikaligeuza kama ulivyosema, nikaona mishono. Nikajua siwezi kukaa siku nyingine.

Ninakuwekea humu barua niliyoiandika tarehe 12 Juni. Isome kwanza. Kaa na mtu wakati unaisoma, mwite Budeba. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Ile ya tarehe 16, ya mitumba, ni uongo. Hakuna mama anayetandaza chini. Shati halikuuzwa.

Mtoto wetu amefariki, Nyamizi. Tarehe 11 Novemba mwaka jana.

Nimekwenda kuliona kaburi. Liko makaburi ya mjini, nyuma kabisa, mstari wa mwisho unaopakana na ua wa minyaa. Ni la tatu kutoka kona. Halina jina, lina kibao chenye tarehe ya kuzikwa, kumi na nane Novemba. Mzee anayechimba pale anaitwa Amos, ukimwambia la kijana wa lori la mbao anakumbuka. Nimeng'oa majani. Nimekaa.

Kwa nini nilidanganya. Nimejaribu kutafuta maneno mazuri na hayapo. Niliogopa. Sina mtoto, mume wangu ametangulia, ninayemwandikia duniani ni wewe peke yako. Nilijua nikikwambia nilikata shati la Nashoni nikafurahia, nikakutumia na sifa juu yake, hutaniandikia tena. Nikasema nitamwambia polepole. Halafu Budeba akaja, akakaa mezani kwangu, akala. Nilisimama jikoni nikishika mlango. Aliponiuliza aanzie wapi kutafuta nikamwambia ajaribu stendi.

Na nilitakiwa kuujua mshono. Niliutazama kwa miwani, juani, nikausifu, sikuujua. Mimi niliyekufundisha.

Vipande vingine vyote ninavyo. Nyota saba, mikono miwili, kola, vifungo vitano. Wenye uzi wa kijani uko kwako, sikuufumua. Niambie nifumue, nitafumua vyote na kukuunganishia shati upya, ingawa halitakuwa shati tena. Niambie nilete, nitaleta kwa miguu. Blanketi lake nimelikunja, sijalitandika mahali popote. Sijui nilipeleke kaburini au nilirudishe. Sitafanya lolote mpaka uniambie.

Verediana


Tosamaganga
20 Oktoba 2024

Nyamizi,

Nilipiga simu mara nyingi, ikawa haipatikani, nikaacha. Nimesikia kwa Ezekia kwamba mmeweka matanga huko bila mwili. Amenieleza pia kwamba Budeba alikuja Iringa mwezi wa tisa, akapelekwa makaburini na yeye, na kwamba walipita mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nje kwenye kibao siku hiyo nzima. Sikuwaona, au waliniona kwanza wakapita njia ya chini.

Kaburini kuna jina sasa. Nashoni Budeba. Naenda kila Jumamosi.

Siandiki ili unijibu. Naandika kwa sababu sijui kuacha.

Verediana


Ubaruku
5 Januari 2025

Verediana,

Ni Januari, nimechukua karatasi kama kila mwaka.

Barua zako zote nimezipata. Ile ya Agosti nilimpa Jackline anisomee mbele, baada ya mistari miwili akaacha, nikamaliza mwenyewe. Budeba alipita mbele ya nyumba yako kweli. Mimi nilimkataza kuingia. Alisema alikuona umekaa, huna sindano mkononi.

Miezi mitano nimekutafutia maneno. Mengine yalikuwa mabaya sana, niliyasemea ng'ombe.

Nataka ujue ninachokulaumu na nisichokulaumu. Shati sikulaumu. Bluu nilikuwekea mimi, nikakwambia itafute mpaka uipate. Nimelilia hilo peke yangu, sijamwambia hata Budeba. Wao walitaka kulichoma, wewe ukaliona zuri, na kipande kikanirudia mkononi mwangu. Bila wewe ningekuwa bado napanda kichuguu kila jioni. Hata mshono sikulaumu, kwani mshono wetu ni mmoja, ungeutambuaje.

Nakulaumu kwa zile siku. Nimezihesabu. Barua ya mitumba ilinifikia tarehe kumi na nane Juni, ya kweli tarehe nane Agosti. Siku hamsini na moja. Ulinifanya nikacheka mbele ya watu, nikala, nikalala usingizi, nikamtukana mtoto wangu kwa mapenzi huku ameshaoza. Nikatuma blanketi. Mume wangu akazunguka Mafinga na picha, wakamcheka. Nilipozika, niliizika na ile furaha. Sasa kitu kikinifurahisha kidogo naogopa, natafuta ni nani ananidanganya. Hicho ndicho ulichonichukulia, na hukifumui.

Sitasema nimekusamehe. Labda mwaka mwingine.

Lakini malengo ni malengo, na sikujua ningemwandikia nani mwingine.

Yangu mawili sina. Sijagusa sindano tangu Julai. Lile uliloniwekea wewe mwaka jana, la kuwa na blanketi langu mwenyewe nilale nalo, nitalitimiza. Lirudishe la Nashoni. Usilipeleke kaburini, huko halimsaidii. Liweke kwenye basi la Jumatano, nitalichukua kwa Jackline, na ndilo nitakalolalia.

Na lako, ninalokuwekea mimi, huwezi kulikataa. Usifumue chochote. Zimebaki nyota tano za bluu ili ziwe kumi na mbili. Zishone kwa mikono ya lile shati na kola, usitupe hata uzi. Mraba wenye mshono wa kijani ninao mimi, na ninabaki nao, kwa hiyo acha nafasi yake katikati, uzibe kwa zambarau yako. Shonea nje, mchana, watu wakikuona. Wakikuuliza ni shati la nani, wajibu ukweli, kila mmoja, kila siku.

Likiisha Desemba, blanketi hilo usinitumie. Ulale nalo wewe.

Kanuni yetu inasema lengo liwe la kufurahisha. Hili halifurahishi. Lifanye.

Nyamizi